Aliyegonga Kichwa Akasema Yuko Sawa: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Karatu na Ngorongoro

Ajali kubwa hazihitaji mwongozo ili zitambulike. Tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Mlera, eneo la Rhotia, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki, na nchi nzima iliomboleza. Mwongozo huu unahusu ajali zisizotangazwa: bodaboda aliyeteleza matopeni, kibarua aliyeanguka kutoka juu ya magunia ya vitunguu vya Mang'ola, dereva wa watalii aliyegonga utosi kwenye chuma cha paa gari lilipoingia shimoni. Huyo huinuka, hujikung'uta vumbi, husema yuko sawa. Asiaminiwe haraka.

Kichwa kinapogongwa au kusukwa ghafla, ubongo hujipiga kwenye fuvu. Ukubwa wa kidonda cha nje hausemi mengi. Ngozi ya kichwa hutoka damu nyingi hata kwa mchubuko, na ubongo waweza kuumia bila tone la damu kuonekana. Kinachotisha zaidi ni damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu. Mtu huongea vizuri kwa saa kadhaa, kisha husinzia, na wenzake hudhani amechoka na safari.

Kwa sababu hiyo, aliyegonga kichwa asiachwe peke yake kwa saa 24, na asiendeshe chombo chochote. Akitapika mara kwa mara, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akichanganya maneno, akipata degedege, akilegea upande mmoja, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu au majimaji yakimtoka sikioni au puani, apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kama alizimia, hata kwa dakika moja. Harufu ya pombe isiwe sababu ya kumwacha alale; mlevi naye ana ubongo.

Katika eneo la ajali, msimbebe kwa kumshika mikono na miguu. Shikeni kichwa na shingo vikae mstari mmoja na mwili, na msivute kofia ngumu kwa nguvu. Msimpe chakula, pombe, aspirini wala diklofenaki. Mkiwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, tumieni redio ya mawasiliano ya gari badala ya kutegemea simu. Walio upande wa Endulen waulize kwanza kama hospitali ya huko inaweza kuwapokea. Walio karibu na lango la Lodoare washuke Karatu. Hospitali ya FAME mjini Karatu ina mashine ya CT ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, lakini pigeni simu kwanza kuhakikisha inafanya kazi. Wagonjwa mahututi huweza kupewa rufaa ya Arusha au hospitali ya KCMC, Moshi.

Madhara mengine huja baadaye. Mtu aliyekuwa mpole huwa na hasira, husahau alikoweka funguo, hushindwa kulala, mwanga humuumiza. Nyumbani husemwa amerogwa. Kazini huitwa mvivu. Wengi hupona kwa wiki chache wakipumzika na kurudi kazini kidogo kidogo, lakini pigo la pili kabla ya kupona ni hatari sana. Hapa ndipo msimu wa wageni unapoponza watu, kwani dereva anayelipwa kwa safari huficha maumivu ili asikose zamu wala tipu.

Kwa bodaboda, utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Iliyoning'inizwa kwenye usukani haihesabiki, na abiria naye anahitaji yake. Watalii wakae na kufunga mikanda gari linapokimbia. Paa ni la kusimama gari likiwa limetulia.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ya kazini kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku saba, hata kama mfanyakazi amerudi zamu. Andikeni siku hiyohiyo saa ya ajali, alivyoanguka, kama alizimia, na nani alishuhudia. Daktari atauliza hayo hayo, na majeruhi mwenyewe huenda asiyakumbuke.