Kupanda Mtarakwa

Ndugu zetu wa milima ya Usambara waujua mtarakwa. Wengine huuita mwerezi, lakini mwerezi wa Lebanoni ni mti mwingine, ingawa mbao za miti yote miwili hunukia. Waweza kufika urefu wa futi 100 na kupita. Watu huutaka kwa kuwa mchwa hawauli upesi, na nguzo yake hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Kwa ajili hiyo umekatwa sana. Naye aukataye leo hukata kazi ya karibu miaka 100, maana hukua polepole.

Atakaye mbegu asiende kwa mti wowote. Iko mitarakwa ya kiume na ya kike, nayo ya kike ndiyo izaayo vitunda vidogo vya buluu iliyokoza. Viponde, uoshe nyama yake, ukaushe mbegu kivulini, kisha uzipande kitaluni. Huchelewa kuota, usikate tamaa. Miche na ikae kitaluni mwaka mmoja au zaidi. Majani yake ya kwanza huchoma kama sindano, baadaye huwa kama magamba.

Hapa ndipo wengi wakosapo: huipanda miche chini ya miti mikubwa, wakidhani kivuli ni rehema. Mtarakwa wataka jua. Tazameni msituni: chini ya mitarakwa mizee ni shida kuona miche yake, bali huota mahali palipopitiwa na moto, au palipo wazi. Basi uipe nafasi, ung'oe magugu yanayoisonga, tena uizungushie ua, mbuzi wasiikaribie.