Wakala na Mwangalizi: Nani Anafanya Nini Kituoni?



Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inataja kupiga kura kati ya wajibu wa kimaadili wa raia. Wapo wanajumuiya wenzetu wanaofanya zaidi ya hapo: hupiga kampeni, huwa mawakala wa vyama, au huwa waangalizi. Tuzitenganishe kazi hizi tatu, kwani zikichanganywa jirani humshuku jirani.

1. Mpiga kampeni
Kazi yake hukoma kabla ya siku ya kura. Siku hiyo sare na bendera ya chama hubaki nyumbani. Mwaka 2015 wapo waliotaka wapiga kura wabaki umbali wa mita 200 kutoka kituoni ili “walinde kura”. Shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo haikukubaliana nao. Basi nani anailinda kura ya chama? Ni wakala.

2. Wakala
Huteuliwa na chama na hula kiapo cha kutunza siri. Kazi zake ni tatu: kumbaini anayetaka kupiga kura kwa jina la mtu mwingine, kulinda maslahi ya mgombea wake, na kushirikiana na msimamizi wa kituo ili sheria ifuatwe. Hii ya tatu husahaulika mara nyingi. Kura huhesabiwa palepale kituoni mbele ya mawakala, kisha fomu ya matokeo husainiwa. Saini hiyo ni ushuhuda. Akiona kasoro, aieleze kwa maandishi, asipoiona, asiibuni.

3. Mwangalizi
Hupata kibali cha Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hutazama, huandika na hutoa taarifa. Hamwagizi msimamizi wala hagusi kura. TEMCO, kwa mfano, ilifanya kazi hiyo katika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995. Mwangalizi anayeshabikia chama ameharibu taarifa yake kabla ya kuiandika.

Falsafa inatusaidiaje?
Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka fadhila ya ukweli chini ya haki: ukweli ni deni tunalodaiwa na wenzetu. Wakala ana upande, na si dhambi kuwa na upande. Lakini hesabu ya kura haina upande.

Tuchukue mfano wa akina mama wawili wa jumuiya moja hapa Soweto, mawakala wa vyama viwili katika kituo kimoja. Usiku hesabu inaonyesha mmoja ameshindwa kwa haki. Akikataa kusaini kwa hasira tu, amewanyima haki majirani wote waliopanga foleni. Na yule wa chama kilichoshinda akiona kura imehesabiwa vibaya kwa faida yake akanyamaza, amefanya kosa lilelile. Jumamosi watakaa pamoja kusali, watasalimiana vipi?

Kwetu waseminari
Kanuni ya 287 inawazuia makleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ikiona ni lazima. Mseminari si kleri kabla ya ushemasi, lakini anajiandaa kuwa baba wa waamini wa vyama vyote. Tupige kura, uwakala tuwaachie walei, tukiwasaidia kuufanya vizuri.

Maswali ya jumuiya
1. Wakala akiahidiwa fedha ili asaini asichokiona, jumuiya itamsaidiaje kukataa?
2. Baada ya uchaguzi, nani ataanza kumtembelea mwenzake?