Mwanafunzi Ana la Kusema: Insha za Ubunifu katika Somo la Kiingereza

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote huwa kwa Kiingereza. Akipewa insha ya "Likizo Yangu", wengi wa rika lake huandika ile waliyoikariri. Sentensi ni sahihi, ila likizo si ya mtu yeyote. Swali likibadilika kidogo kwenye mtihani, karatasi hubaki tupu.

Mara nyingi tatizo si uhaba wa mawazo. Ni woga wa kalamu nyekundu. Anayesahihishwa kila neno hubaki na maneno machache aliyo na hakika nayo, na lugha yake haikui. Jaribuni hatua hizi:

1. Anzeni kwa mdomo. Wawili wawili wasimuliane kwa Kiswahili jambo waliloliona: siku ya mnada, mbuzi aliyepotea, safari ya daladala.

2. Waandike kisa hicho kwa Kiingereza kwa dakika kumi bila kusimama. Neno likikosekana, waliandike kwa Kiswahili na kulipigia mstari. Kamusi itafuata.

3. Mwalimu asome kwanza kama msomaji na aulize swali moja: "Je, mbuzi alipatikana?" Kisha asahihishe kosa la aina moja tu. Kwa mfano, "yeye" wa Kiswahili ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza hutenganisha, na wengi hukosea hapo. Makosa mengine yangoje juma lijalo.

4. Kazi zibandikwe kwenye gazeti la ukutani. Anayejua kuwa wenzake watasoma hujitahidi zaidi.

Darasa likiwa kubwa, kusanyeni madaftari ya kundi moja kila juma.

Msione haya kuanzia kwenye Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alikua akizungumza Kiswahili. Riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza, na katika *Paradise* ya mwaka 1994 mna maneno ya Kiswahili pia. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Tengeni kipindi kimoja kwa juma kwa muhula mmoja. Kisha linganisheni daftari la mwanzo na la mwisho, na mwanafunzi mwenyewe aone alipofika.