Vidonge vya homoni na matiti yanayouma

SWALI: Nina miaka 51. Nilipokoma hedhi, daktari aliniandikia vidonge vya homoni. Joto la ghafla limepungua, lakini matiti yanauma, nasikia kichefuchefu na damu inatoka matone. Niache?

JIBU: Msomaji huyu asikimbilie kuacha, amweleze daktari wake. Kero hizo ni za kawaida katika miezi 3 ya mwanzo, na kwa wengi huisha zenyewe. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa pamoja na chakula.

Matiti yasipotulia, daktari anaweza kupunguza dozi ya estrojeni au kubadilisha projestojeni, homoni mbili za tiba hii. Wapo wanaohamia plasta au jeli ya kupaka: dawa hupenya kwenye ngozi bila kupitia ini kwanza, hivyo hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko ya vidonge.

Kosa baya ni kuacha projestojeni peke yake, eti inaharibu hisia. Mwenye kizazi akibaki na estrojeni tupu, utando wa kizazi hunenepa na hatari ya saratani hupanda.

Damu ikiendelea kupita miezi 6, ichunguzwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, aende hospitali saa ileile.