Simu Yako Yaweza Kumsaidia Mtoto Mwenye Kifafa

Mzazi, ukimpeleka mtoto mwenye kifafa hospitalini, daktari atakuuliza: alishikwa saa ngapi? Upande upi wa mwili ulitangulia kutetemeka? Ilichukua muda gani? Wengi hushindwa kujibu kwa sababu wakati huo walikuwa wameshikwa na hofu. Daktari naye ni nadra kumwona mtoto akishikwa.

Simu yenye kamera yaweza kuziba pengo hilo. Mtoto akishikwa, kwanza ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mlaze kwa ubavu, na usimtie chochote kinywani. Kisha tazama saa. Mtu mwingine akiwapo, apige video inayoonyesha uso, mikono na miguu. Kuzirai huweza kufanana na kifafa, na video humsaidia daktari kutofautisha.

Tega kengele ya simu ilie kila saa ya dawa. Andika humo tarehe alizoshikwa, majina ya dawa na vipimo vyake, pamoja na uzito wa mtoto, kwani kipimo hutegemea uzito. Weka nakala daftarini, maana simu huibwa. Video usiwaonyeshe majirani. Hiyo ni siri ya mtoto.

Kumbuka, simu haitibu. Mtoto akishikwa kwa zaidi ya dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, achana na video umkimbize hospitalini. Wala usimkatizie dawa ghafla bila ushauri wa daktari.