Selimundu: Ugonjwa wa Kurithi

Mundu unaujua. Ni chombo cha kukatia mpunga na majani. Umepinda.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini. Hupita vizuri katika mishipa midogo. Lakini wako watu ambao chembe zao hupinda kama mundu. Chembe hizo hukwama na kuvunjika upesi. Mtoto huumwa mifupa, hupungukiwa damu, na macho yake huwa ya manjano. Huu ni ugonjwa wa selimundu. Wengi huuita siko seli.

Wengine husema mtoto amerogwa. Wengine humlaumu mama. Hayo si kweli.

Kila mtu hurithi maagizo ya mwili wake, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maagizo hayo huitwa vinasaba. Mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu kwa kawaida haugui. Baba na mama wakiwa nacho wote wawili, katika kila mimba mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi vyote viwili na kuugua. Basi, mama peke yake ana kosa gani?

Profesa Julie Makani ni daktari wa damu. Alisomea udaktari Muhimbili, Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1994. Akaenda kusoma Uingereza, kisha akarudi kutibu, kuchunguza na kufundisha. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia. Walitaka kujua: kwa nini mgonjwa mmoja huumwa sana na mwenzake kidogo?

Walipima vinasaba vyao. Mtoto aliye tumboni ana damu ya aina yake. Watu wengine hubaki na sehemu kubwa ya damu hiyo hata ukubwani, nayo huwapunguzia maumivu. Dawa iitwayo haidroksiyurea huiongeza. Ndiyo maana ni vizuri daktari aijue damu ya kila mgonjwa wake.

Kati ya mwaka 2015 na 2016, karibu watoto wachanga 4,000 walipimwa katika hospitali za Muhimbili na Temeke. Watoto 31 walikuwa na selimundu. Zaidi ya 500 walikuwa na kinasaba kimoja tu. Tone la damu la kisigino linatosha kupima. Mtoto akijulikana mapema, hukingwa kabla hajazidiwa.

Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha na alale ndani ya chandarua. Akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vijana wanaotaka kuoana wapime damu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini si haki kumlaumu mama?
2. Mtu asiyeumwa anawezaje kuzaa mtoto mwenye selimundu?
3. Utamwambia nini jirani anayesema mtoto wake amerogwa?