Fyuzi Ikiungua, Usifunge Karatasi ya Sigara

Wasomi wenzangu, likizo iliyopita nikiwa nyumbani Singida nilipewa mtihani ambao haupo kwenye kozi yangu ya ualimu: kufunga redio kwenye Noah ya mjomba, inayopakia abiria wa Ilongero. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa haishiki stesheni zetu nyingi. Kule FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Kwetu inafika 108.

Utaratibu ndio huu.

Kwanza, fungua kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10. Usiguse waya wowote kabla ya hapo.

Pili, soma rangi. Kwenye redio nyingi za dukani, njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Ndio unaotunza saa na stesheni zako. Nyekundu inapata umeme ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni ethi, inafungwa kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Ukiunga njano na nyekundu pamoja, redio inaweza kula betri usiku kucha, asubuhi mnasukuma gari.

Tatu, spika. Nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Waya wenye mstari mweusi ni hasi, na usiuunge kwenye bodi, utaua redio. Spika haina alama? Igusishe betri ndogo ya volti 1.5 mara moja. Karatasi yake ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Spika moja ikigeuzwa, hii inasukuma hewa wakati ile inavuta, besi inapotea.

Nikaunga, mziki freshi kabisa. Nikaisukuma redio ndani ya dashibodi: kimya. Fyuzi imeungua.

"Mjomba, zungushia karatasi ya sigara twende, abiria wamejaa stendi."

"Mjomba, hapana."

Fyuzi ni waya uliowekwa makusudi uwe dhaifu, ukatike kabla nyaya nyingine hazijaungua. Ile karatasi ya fedha haikatiki kirahisi. Umeme wote wa shoti unapita, waya unageuka jiko nyuma ya plastiki, na ndani mna watu.

Tulivuta redio nje. Waya wa njano ulikuwa umebanwa na chuma, umechubuka. Tukaufunga tepu, tukaupitisha kwingine, tukaweka fyuzi mpya ya ampea zilezile. Mjomba alinuna, tripu moja ilishampita.

Jambo la mwisho: boksi la redio liliandikwa wati 50 mara 4, yaani 200. Fyuzi ya mgongoni mwake ni ampea 10. Volti 12 mara ampea 10 ni wati 120. Hizo 200 ni za kitambo kidogo tu, kwa hiyo usinunue redio kwa kusoma boksi.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nikifika mada ya umeme, nitaingia darasani na ile fyuzi iliyoungua.